Klachi ya Mzee Twende

Baba yangu hajui kukaa. Nasema hivi kwa upendo, na kwa uchovu pia, kwa sababu mimi ndiye ninayeishi naye. Akiwa mezani, kijiko kiko mdomoni na jicho liko dirishani. Akialikwa mahali, wenzake hawajapata hata pa kukaa, yeye keshaanza kupapasa mfuko kutafuta ufunguo. Alipokuwa msoma mita wa idara ya maji, wenzake walimwita Twende, maana ndilo neno alilolitumia kuamkia, kuagia na kumalizia ubishi. Jina likamganda. Mtaani ni Mzee Twende, na mama akikasirika humwita "huyo mtu wa twende".

Kazi ile ilimfaa. Kutwa anakwenda nyumba kwa nyumba, anainama, anafuta utando wa buibui kwa kidole, anasoma namba, anaondoka kabla mbwa hajaamua la kufanya. Kulikuwa na nyumba moja ambayo mita yake ilikuwa nyuma kabisa ya banda la gari, na ili kuifikia ilimbidi apite ubavuubavu kando ya kitu kilichofunikwa turubai. Alikipita kwa miaka. Siku moja turubai lilikuwa limeporomoka, akaona: gari la Kiingereza la michezo, la zamani, viti viwili tu, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukalia, paa la kitambaa limeliwa na panya. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane aliyekuwa anahamia kwa wanawe, akamwambia kama analitaka alitoe upesi, la sivyo linakwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Baba alilitoa siku hiyohiyo. Lilivutwa kwa kamba, yeye kwenye usukani, breki hamna, anapungia watu mkono kama bwana harusi.

Mama alikuwa barazani kwenye cherehani yake ya miguu. Alilitazama gari, akamtazama baba, akauliza, "Na watoto utawaweka wapi?" Swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Niseme pia kwamba mama mwenyewe ni dereva. Kabla ya kuolewa aliendesha pikapu ya kiwanda cha sare za shule, na leseni yake huihuisha kimyakimya kila inapokwisha, wala hajawahi kueleza kwa nini. Lakini usukani wa gari lile hajaushika hata siku moja. Baba hakumpa ufunguo, naye hakuomba.

Aliyelifufua gari pamoja na baba ni rafiki yake, makanika mpole aitwaye Fundi Taratibu. Jina hilo nalo si la bure. Fundi anaweza kuikodolea macho nati moja mpaka chai yake ipoe, kisha akasema, "Hii tuiache kwanza." Sijui urafiki wao ulishikana wapi. Baba akimharakisha, fundi humjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Baba humrudishia methali pekee anayoijua, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na kazi imekwenda hivyo miaka yote, mmoja anavuta, mwingine anashika.

Magari haya ya zamani hutetemeka, nati zikalegea zenyewe. Kwa hiyo baba ana utaratibu wake: kila nati aliyoikaza anaitia tone la rangi ya kucha, nusu juu ya nati, nusu kwenye chuma cha jirani. Tone likipasuka, ujue nati imezunguka. Rangi ni ya mama. Chupa inakaa kwenye droo ya cherehani. Mama, ambaye kucha zake hazijaonja rangi tangu nizaliwe, ndiye huinunua, akalalamika, akainunua tena.

Kisha mwaka huu baba akaanguka bafuni. Daktari alisema ni kiharusi, tena chepesi, ashukuru Mungu. Baba alisema ni kizunguzungu. Ulimi ulirudi, mkono ulirudi. Mguu wa kushoto ulirudi nusu ya njia. Aliuburuta kidogo na sisi tukajifanya hatuoni, maana ukiutazama alikasirika kama mtu aliyechunguliwa mfukoni.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi ya bima, na kazi hiyo imemharibu: akiona ngazi, yeye anaona mtu ameshaanguka. Alikuja akasema gari liuzwe. Mnunuzi alikwishampata, mwenye hoteli mmoja anayetaka kuliweka mlangoni wageni wapige nalo picha.

"Niuze mimi kwanza," baba akasema. "Niweke mimi mlangoni."

"Baba, mguu wako..."

"Mguu wangu umefanya nini? Umekutukana?"

Walirushiana maneno mpaka mama akasimamisha cherehani. Mwishowe wakakubaliana kiume, maana yake kijinga. Jumapili kaka atakuja. Baba atalipandisha gari mlima wa tangi la maji, kaka akiwa kiti cha pembeni, na kulirudisha mpaka getini. Likienda na kurudi bila kukwama, kaka hatalitaja tena. Likikwama, mnunuzi analichukua Jumatatu.

Niseme ukweli, akili yangu ilikuwa upande wa kaka. Moyo haukuwa huko. Nilijua baba bila gari atakuwa mtu wa namna gani, kwa sababu nilikwishamuona alipotoka hospitali: anavuka ua, anagusa geti, anarudi, anavuka ua, anagusa geti. Mtu kama yule ukimfungia hafi. Anabaki hapo anakuzungukia.

Siku iliyofuata akatoka kufanya majaribio, nami pembeni yake. Gari liliondoka vizuri. Pedali ya klachi ilikuwa nyepesi, akiigusa tu gia inaingia.

"Unaona?" akaniambia. "Mguu gani huo mnaousema?"

Mitaa ya kwanza tulipita kama wafalme. Lakini tulipofika chini ya mlima, injini imeshapata moto, kukatokea jambo. Baba alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, na gari likabaki linajikokota vilevile. Akaongeza mafuta, ikaongezeka kelele tu. Kukanuka kitu kinachoungua.

"Klachi inateleza," akasema, na meno yake yakashikana.

Tukageuza, tukaliweka kivulini. Lilipopoa likatubeba mpaka nyumbani kama halijafanya kitu.

Kwa asiyejua, klachi ni sahani inayobanwa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali, fimbo fupi husukuma mafuta kwenye bomba jembamba, mafuta yanaisukuma klachi, sahani inaachiwa, unabadili gia. Ukiachia pedali, mafuta hurudi juu, sahani inabanwa, gari linakwenda. Klachi inayoteleza ni sahani isiyobanwa sawasawa. Ama imelika, ama imelowa mafuta ya injini, ama springi zimechoka. Haya nimeyajua wiki ile, na sikuomba kuyajua.

Fundi Taratibu aliitwa. Kabla hajalitazama gari alimtazama mama barazani, na mama akainamia kitambaa. Niliona, nikapuuza.

"Tuifungue giaboksi," baba akasema. "Sahani imekwisha hiyo."

"Mzee, tusiifungue."

"Kwa nini?"

"Naona kama si sahani."

"Unaonaje? Una macho ya kupenya chuma?"

Fundi akaokota spana shingo upande. Miaka yote ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiwa na haraka ya kuacha kazi. Kwenye gari hilo giaboksi haitolewi kwa chini. Inatolewa ndani: unang'oa viti, unakunja zulia, unafungua kifuniko cha katikati, kisha watu wawili wanaipakata na kuipitisha juu ya mlango kama mgonjwa. Waliifanya kazi hiyo kutwa nzima, baba akifokea kila bolti, fundi akitoka jasho kuliko joto la siku lilivyodai. Kila alipopewa maji aliyanywa upande wa baraza, na kila mara cherehani ya mama ilikwenda mbio zaidi.

Sahani ilitoka nzima. Nene, kavu, haina hata tone la mafuta. Springi zake nzima. Mtu mwingine angefurahi. Baba aliigeuzageuza mikononi akaikasirikia.

"Mbona wewe mzima?" akaiuliza.

Wakarudisha kila kitu. Baba akazunguka mtaa mpaka injini ikapata moto. Ikateleza tena.

Siku ziliyeyuka. Alfajiri nilikuwa naamshwa na nyayo zake uani, mguu mmoja unatua, mwingine unaburuzwa, mpaka getini na kurudi. Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha. Nikafungua dirisha.

"Baba, kaa chini! Kaa chini utulie!"

Alisimama. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nikikaa, binti yangu, nitabaki nimekaa," akasema, akaendelea kutembea.

Ijumaa akaja na wazo. Alizunguka na gari mpaka likaanza kuteleza, akalisimamisha mbele ya geti likiwa bado lina moto. Hakumruhusu fundi kuligusa. Alitandika kipande cha boksi, akajilaza kwa shida, akauvuta mguu kwa mkono kama mzigo, akaingia chini. Huko kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye mafuta ya klachi. Aliilegeza kidogo tu. Mafuta yakaruka kwa nguvu, yakampiga shavuni.

"Nani amekanyaga pedali?" akapiga kelele.

"Hakuna mtu ndani, baba."

 Kisha sauti yake ikatoka chini ya gari, ya pole kuliko nilivyoizoea. "Basi kuna mtu amekanyaga."

Alikaza skrubu, akatoka, akalijaribu gari. Likashika palepale, halitelezi hata kidogo. Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu: mafuta yalikuwa yanakwenda chini na hayarudi. Yakipata moto yanavimba, yanaisukuma klachi yenyewe, kama mtu aliyeacha mguu wake juu ya pedali. Ama mpira wa bomba umeziba ndani, ama ile fimbo ya juu ni ndefu mno, haiachi mafuta yapite.

Akafungua boneti, akaitazama nati ya fimbo. Tone lake lilikuwepo, zima, halijapasuka.

"Haijazunguka," nikasema. "Basi ni mpira wa bomba."

 Baba alitazama nati ile, akatazama ya jirani yake, akarudi kwenye ile. Nikasogea. Nati zote za pale zilikuwa na matone mekundu ya kukoza, yenye rangi ya maini. Tone la nati ya fimbo lilikuwa jekundu la kuelekea waridi.

"Niletee chupa ya mama yako."

Nilikwenda kwenye droo ya cherehani. Mama hakuninyanyulia uso. Chupa ilikuwa karibu imejaa, na rangi yake ilikuwa waridi. Mimi ndiye niliyetumwa kuinunua, ile ya zamani ilipokwisha. Baba wakati huo alikuwa bado kitandani hospitali. Nati ile aliikaza yeye mwenyewe mwaka juzi.

Aliishika chupa kwenye mwanga. Fundi Taratibu alikuwa anafuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Mzee," fundi akasema, "mimi niliambiwa tu."

"Na nani?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alishuka barazani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Na mimi," akasema. "Ulipokuwa unakwenda kwenye mazoezi ya mguu, nilimwita. Nikamwambia airefushe hiyo fimbo ili pedali ishike mapema, usilazimike kukanyaga mpaka chini. Alizungusha akaniambia inatosha. Nikamwambia aongeze kidogo."

"Aongeze kidogo!"

"Nikishona huwa naacha akiba ya kitambaa, mume wangu. Hata hapa niliacha akiba."

"Halafu ukapaka na rangi. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe na huyu!"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Sauti ya mama ilikatika, na sijawahi kuisikia ikikatika. "Ukiambiwa mguu, unasema gari. Basi nikalitengeneza gari."

Baba akageuka akaenda mpaka getini. Aligusa chuma. Tulibaki tumesimama watatu, fundi anatazama viatu vyake, mama anaviringisha na kuviringua futi mkononi. Nilimhurumia baba na nilitaka kumpiga kofi, yote kwa pamoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na baba alikuwa ameficha yake, nyumba nzima tukimsaidia kuyafunika.

Akarudi. "Rudisha ilivyokuwa," akamwambia fundi.

Fundi akairudisha fimbo kwenye urefu wake. Mara hii hakuna aliyemwambia afanye haraka, naye alimaliza upesi.

Jumamosi baba alilijaribu gari kwenye barabara ya mbele ya nyumba. Nilikaa kiti cha pembeni. Sasa pedali ilidai mguu mzima, mpaka chini, kama ilivyotengenezwa. Alikanyaga. Mguu ukafika katikati ukaanza kutetemeka. Akasukuma goti kwa mkono. Akajaribu kuingiza gia, ikapiga ukelele wa chuma uliowatoa majirani madirishani. Akajaribu tena. Gari likaruka mbele, likazimika. Tena. Likazimika. Nyuma yetu pikipiki zikapiga honi, zikatupita, dereva mmoja akasema neno ambalo baba wa zamani angelifukuzia mpaka mwisho wa mji.

Akazima ufunguo. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Gari ni zima," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Halina ubaya wowote."

"Ndiyo."

Aliogopa. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na ninajua nilichokisikia. Tulishuka tukalisukuma gari ndani, yeye akishika mlango ili ionekane anasukuma.

Jioni alikwenda barazani. Mama alikuwa anakunja upindo wa sketi ya shule, miguu yake inapanda na kushuka kwenye kanyagio la cherehani kama ilivyofanya maisha yangu yote. Baba akaweka ufunguo juu ya kitambaa, karibu kabisa na sindano, hata ikabidi mama asimamishe cherehani.

"Miguu yako mizima," akasema.

Mama aliusogeza ufunguo mbali na sindano. "Miaka yote hii hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umeshindwa, ndiyo unaniuliza."

"Ndiyo," baba akasema. "Nimeshindwa."

 Mama aliuchukua ufunguo, akautia ndani ya droo pamoja na ile chupa, akamalizia upindo.

Sikulala vizuri. Droo ile ilinikera. Kwa mama, kutia kitu kwenye droo ni kukihifadhi, na wakati mwingine ni kukizika.

Kaka alifika Jumapili, viatu vinang'aa, simu mkononi tayari kumpigia mnunuzi. Baba alikuwa amekwisha kukaa garini. Kiti cha pembeni.

"Baba, umekosea kiti," kaka akasema kwa utani.

"Sijakosea. Wewe leo utatufuata na gari lako, kiti chako kimechukuliwa." Akamtazama usoni. "Sikiliza. Mguu wangu umeshindwa. Gari halijashindwa. Usije ukachanganya hayo mawili mbele za watu."

 Kaka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa alikuwa na hoja zote mkononi bila mtu wa kumpa.

"Sasa mnunuzi nimwambie nini?"

"Muulize mwenye ufunguo."

Mama alikuwa anatoka mlangoni. Alikuwa amevaa viatu bapa vya kufunga kamba ambavyo sikujua anavyo, kwapani kabeba mto wa kiti.

"Mwambie pale mlangoni aweke maua," akasema, akapita.

Akauweka mto, akakaa. Akakisogeza kiti mbele. Akashuka, akaifuta taa ya mbele kwa pindo la gauni, akakaa tena. Akageuza kioo.

"Twende," baba akasema.

"Subiri."

Akageuza kioo kidogo zaidi. Akajaribu honi. Akavua saa, akaivaa mkono mwingine. Baba alikuwa ameibana mikono yake katikati ya magoti, jasho limemtoka juu ya mdomo, na hakusema kitu. Nilikuwa nimeshika mlango wa upande wake, nikitaka kuufunga. Mama akawasha injini, akaikanyaga pedali kwa mguu wake wa kushoto mpaka chini, bila haraka. Na hapo nikaona mguu wa kushoto wa baba nao unakanyaga, kwenye zulia tupu, unatetemeka, unakwenda hadi pale ulipoweza kufika.

Gia ikaingia bila sauti. Nikafunga mlango, nao wakaondoka.